Shamba ni langu, je, na nguruwe ni wangu?

Washauri, shikamooni.

Mimi ni mkulima wa miaka 27, wilaya ya Nachingwea. Mwaka juzi mjomba alinikabidhi shamba la ekari nne ukingoni mwa kijiji, upande wa bondeni. Ekari mbili ni mihogo, moja mahindi na karanga, na moja ni mikorosho ya zamani ambayo chini yake pameota kichaka. Hati ya kimila ninayo, kwa jina langu.

Nguruwe pori wananimaliza. Mwezi wa tatu waliingia kwenye mahindi usiku mbili mfululizo, nikabaki na mistari ya pembeni tu. Sasa wamehamia kwenye mihogo. Nimelala dunguni mpaka mke wangu amechoka kunililia, nimepiga madebe mpaka yametoboka. Siku tatu hawaji, ya nne wanarudi.

Kwenye simu nimetazama video za Texas, Marekani. Mwenye shamba anakaa na bunduki kwenye ardhi yake, anaangusha nguruwe usiku kucha, hakuna anayemuuliza. Nami nataka kuanza. Mjomba ana gobore, kasema nilichukue. Rafiki yangu anasema nisihangaike na baruti, nitege waya kwenye njia zao. Je, kwa kuwa shamba ni langu naruhusiwa? Nianze na silaha gani, na nipige wapi? Na nyama nifanyeje? Mimi ni Mkristo, naila, lakini majirani zangu karibu wote ni Waislamu na sitaki kugombana nao.

Mkulima, Nachingwea

JIBU

Marahaba, ndugu yetu, na pole sana kwa mahindi. Tuanze na swali linaloweza kukupeleka jela. Hati ya kimila uliyopewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakupa haki ya kulitumia shamba. Haikupi mnyama wa porini anayeingia humo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamweka nguruwe pori, kama wanyamapori wengine, mikononi mwa serikali, iwe yuko hifadhini au amelala chini ya mkorosho wako. Kumwinda bila leseni ni kosa hata ukiwa umesimama kwenye mstari wako wa mihogo.

Hao wa Texas ni jambo jingine kabisa. Wale ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliopelekwa huko na Wazungu, wakatoroka na kuwa wa porini, na baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya. Si wanyama wa asili ya nchi ile. Ndiyo maana tangu 1 Septemba 2019 jimbo hilo halidai leseni ya uwindaji kwa anayewapiga kwenye ardhi binafsi kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Nguruwe wako ni mnyama wa hapa hapa, ana masikio yenye vishungi na singa nyeupe mgongoni. Mbinu za video zile, taa kali na kupiga usiku kutoka kwenye gari, ndizo hasa sheria yetu inazozikataza.

Gobore la mjomba liache lilipo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha humilikiwa na mtu mmoja aliyepewa leseni, na haiazimwi kama jembe. Kama mjomba ana leseni, ni yake peke yake. Kama hana, mshauri kwa heshima aende kwa mtendaji ili lisalimishwe polisi kabla halijamletea matatizo uzeeni. Na hata tukiiweka sheria pembeni, gobore ni silaha mbaya kwa nguruwe. Linatoa risasi moja, kisha unahitaji dakika nzima au zaidi kushindilia tena. Baruti ikishika unyevu wa alfajiri huchelewa kuwaka, nawe umeshashusha mdomo wa bunduki. Yale yaliyotengenezwa kwa bomba la maji hupasuka karibu na shavu. Vipande vya nondo havipenyi sawasawa kwenye bega la dume, kwa hiyo matokeo ya kawaida ni nguruwe aliyejeruhiwa, ambaye ni hatari kuliko simba aliyeshiba.

Waya usitege kabisa. Waya hauchagui. Utamnasa mbuzi wa jirani, mbwa, au mtoto anayetafuta kuni, na nguruwe aliyenaswa mguu hukaa hai mpaka asubuhi akikusubiri. Mashimo na sumu ni hivyo hivyo, vyote vimekatazwa. Kuhusu sumu tunakusihi zaidi: muhogo uliopakwa dawa ya wadudu na kuachwa shambani hauna alama, na njaa ya mwezi wa pili haimwulizi mtoto kama muhogo huo ni wa nguruwe.

Sasa kazi yenyewe. Anayeanza kuwinda nguruwe huanza kwa kusoma ardhi, tena mchana. Hakikisha kwanza mwizi ni yeye. Kwenye mahindi, nguruwe huliangusha bua zima, akatafuna gunzi pale pale chini na kutema makapi yaliyosokotwa. Nyani huvunja hindi bua likiwa limesimama, akang'ata mara mbili na kutupa, na huja mchana. Kwenye mihogo, nguruwe huchimba kwa pua kutoka ubavuni, udongo ukarushwa upande mmoja na shina likalala. Nungunungu huacha alama za meno mawili membamba kwenye muhogo uliobaki, na mara nyingi mwiba mmoja au miwili. Ukwato wa nguruwe ni vidole viwili vyenye ncha za mviringo, na kwenye udongo laini utaona vitone viwili vya vidole vya nyuma. Wa swala una ncha kali. Ngiri naye usimchanganye: hutembea mchana, hupiga magoti akila, hulala shimoni na hukimbia mkia ukiwa wima. Nguruwe wako hutoka giza likiingia, na mchana hulala kwenye kichaka kizito. Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, huchelewa kurudi kulala na huwahi kutoka, kwa hiyo ndiyo miezi anayoweza kuonekana mwanga ukiwepo.

Chukua majivu makavu na uzunguke mpaka wote jioni. Kila penye uchochoro, tandaza majivu upana wa nyungo mbili. Asubuhi utajua wameingilia wapi, wametokea wapi, na ni wangapi. Fanya hivyo siku saba. Kundi la kawaida ni la nguruwe wanne hadi kumi, likiongozwa na dume na jike wakubwa, na hupita njia zile zile mbili au tatu. Ukishazijua, umepata nusu ya dawa. Na ukiona njia zinaelekea kwenye ile ekari ya mikorosho, basi wapangaji unao mwenyewe. Fyeka kichaka hicho chote sasa, kabla kazi ya kupulizia mikorosho salfa haijakubana, na ufyeke ukanda wa hatua kumi kati ya shamba na pori la bondeni. Nguruwe hapendi kuvuka uwazi.

Kisha wigo, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kubwa na ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, yaani mzunguko wa hatua 280. Wakulima wanne wenye ekari moja moja zilizotawanyika watazungushia jumla ya hatua 1,120. Wakilima kwa kupakana, kitalu kimoja cha hatua 140 kwa 140, mzunguko unakuwa hatua 560. Nusu ya nguzo, nusu ya waya, nusu ya ukanda wa kufyeka. Majirani zako nao wanaliwa mihogo. Waite mkae kikao, ili mmoja wenu asijifungie peke yake, maana wigo wa mtu mmoja huwahamishia nguruwe kwa jirani tu.

Wigo wa nguruwe hauhitaji kimo kirefu. Mita moja inatosha, kwa kuwa yeye hainuki kuruka, anapenya chini. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kufunga wavu imara juu na kuuacha ukining'inia chini. Pua ikishapata nafasi ya kuingia, shingo hunyanyua kila kitu. Fukia wavu sentimita 30 ardhini, au kama waya hautoshi, ukunjie nje upana huo huo na uulaze chini kwa mawe na vigingi. Nguzo ziwe kila mita mbili, za mti usioliwa na mchwa upesi, na sehemu ya kuingia ardhini uiunguze moto kidogo iwe nyeusi. Penye njia zile ulizozipata kwa majivu, weka nguzo kila mita moja. Wenye uwezo wa uzio wa umeme wa jua waweke nyaya mbili, ya kwanza sentimita 20 kutoka ardhini na ya pili 45, kwa sababu unataka ipigwe pua na si mgongo. Nyasi zikigusa waya wa chini umeme huishia ardhini, kwa hiyo mzunguko huo hupaliliwa kila wiki mbili wakati wa mvua. Asiye na fedha za wavu afunge miti iliyolazwa, ikibanana, mafundo matatu kwa kila nguzo, na aikague kila asubuhi.

Madebe yako yalishindwa kwa sababu yalikuwa yale yale mahali pale pale. Ukitaka kelele isaidie, badili mahali na aina kila usiku wa pili au wa tatu, na uanze kabla hawajaonja, si baada ya kuonja.

Wapo watakaokushauri kuweka mihogo michungu upande wa bondeni. Ni kweli nguruwe huipenda kidogo kuliko mitamu. Lakini michungu ni ya kuloweka, kumenya na kukausha vizuri mpaka sumu itoke. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, kwa sababu ya mihogo michungu iliyoliwa bila kusindikwa vizuri. Ukiipanda, iwe mistari inayojulikana na kila mtu nyumbani.

Kuhusu dungu, mke wako ana haki ya kulia. Uchunguzi wa wanasayansi uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na wilaya za Rufiji na Lindi ni miongoni mwa zilizoumia zaidi. Nguruwe walikuwa sehemu ya sababu: mahali ambapo wanyama wengine wameisha, simba huwafuata nguruwe mpaka mashambani, na huko humkuta mtu aliyelala kulinda mavuno. Basi dungu liwe juu, mita tatu na zaidi, lenye kuta na mlango, na ngazi ivutwe juu. Wawe watu wawili. Haja ndogo ifanyiwe kwenye chombo, hukohuko juu. Kushuka usiku ndiko kwenye hatari.

Sasa bunduki. Andika kwenye daftari tarehe za uharibifu, hatua zilizoliwa na picha, umwite afisa kilimo wa kata aone, kisha upate barua ya mtendaji wa kijiji na uipeleke kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, yule ambaye wazee bado wanamwita bwana nyama. Mwombe kwanza msaada wa askari wa wanyamapori kuja kudhibiti. Wao wana silaha na mamlaka. Ukitaka kuwa mwindaji mwenyewe, mwombe akueleze hatua za leseni, ambayo hutaja mnyama, idadi, eneo na muda, na kando yake utahitaji leseni ya silaha kutoka polisi. Wa vijiji vilivyo ndani ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Magingo kule Liwale, wapitie jumuiya yao. Walio jirani na mapori ya akiba kama Msanjesi au Lukwika-Lumesule wasimfuate mnyama ng'ambo ya mpaka hata akiwa na damu.

Ushauri wetu ni kwamba msimu wa kwanza usishike bunduki. Tembea na mpigaji mwenye kibali, wewe ukiwa macho yake, kwa kuwa njia unazijua. Ukifika wakati wako, silaha ni raifo ya kipenyo cha .243 na kuendelea, au shotigani yenye risasi moja nzito, isizidi hatua 40. Chembe ndogo za kupigia kanga humjeruhi tu. Upepo ukague kwa majivu yaliyofungwa kwenye kitambaa chepesi, ukigonga kidogo na kuangalia vumbi linakoelekea. Miezi ya kusi upepo hutoka kusini-mashariki, lakini bondeni jioni hugeuka, kwa hiyo gonga tena kila robo saa. Ukikupiga kisogoni, ondoka. Pua yake imeshakuona.

Moyo wa nguruwe umekaa chini na mbele kuliko watu wanavyodhani, na zile singa za mgongoni humwonyesha mrefu kuliko alivyo, kwa hiyo mgeni hulenga juu. Msubiri asimame ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, na ulenge theluthi ya kimo cha mwili kutoka chini ya kifua. Kichwa kiache, ubongo ni mdogo na taya likivunjika anakwenda kufa kwa njaa. Kabla ya kidole kugusa, angalia nyuma ya mnyama. Risasi ya raifo husafiri zaidi ya kilomita tatu, na mashambani kwetu kuna dungu kila upande. Nyuma yake pawe na udongo, kwa mfano ukingo wa bonde au mtelemko, nawe uwe umepiga kutoka juu kwenda chini. Usifyatue risasi kwa kufuata sauti tu. Usipige majani yanayotikisika.

Akikimbia na risasi, kaa pale ulipo dakika thelathini. Halafu soma damu. Yenye povu na rangi ya waridi ni ya mapafu, hayuko mbali. Nyeusi na nzito ni ya ini, subiri zaidi. Ikiwa na majimaji ya kijani yenye harufu, ni utumbo, na hapo usubiri saa kadhaa na uite watu wenye uzoefu. Giza likiwa limeingia, acha mpaka asubuhi. Dume aliyejeruhiwa hurudi kando ya njia yake, akajificha, akakuacha upite. Meno ya chini hukata kuelekea juu, na kimo chake ni paja la mtu mzima, penye mshipa mkubwa. Beba kitambaa kirefu na uwe umejifunza kukandamiza jeraha kwa nguvu zote kabla ya kufikiria pikipiki ya kukupeleka hospitali.

Nyama yake ukiipata kwa halali, mpasue ndani ya saa moja au mbili, uvae glovu, na utoe matumbo bila kuyatoboa. Mnyama uliyemkuta amekufa usimguse, kimeta hakina huruma. Chemsha vipande vidogo mpaka ndani pasiwe na wekundu hata kidogo. Kukausha na kubanika kwa moshi hakuui minyoo inayojificha kwenye misuli. Kuuza usiuze bila kibali.

Kuhusu majirani, zungumza nao kabla, si baada. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji siku ya kuwinda, usipitishe mzoga uani kwa watu wala kisimani, na usiazime kisu, sufuria wala pikipiki ya mtu kwa kazi hiyo. Chukua njia ya kando hata kama ni ndefu. Na kama kijijini kuna wanaofuga nguruwe, jihadhari mara mbili. Nguruwe pori na ngiri hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua wenyewe, na papasi huieneza. Haimpati binadamu, ila ikiingia bandani huwamaliza wote. Usipite bandani na viatu vya mawindoni, na mabaki mabichi wasipewe nguruwe wa kufugwa. Ngozi, matumbo na damu uzike porini mbali na maji, shimo la kina cha kifua chako, ukirudishia udongo na kuweka miiba na mawe juu, kwa sababu mbwa na fisi watalifukua usiku huohuo.